Kijumbe

Jumamosi, mbele ya wanawake wenzangu na sinia la vitumbua, nilimwambia shoga yangu kwamba anakula pesa za watu kama mchwa. Nilisimama kabisa. Yeye akamaliza kitumbua chake taratibu, akafuta vidole, akasema, “Hebu soma meseji za saa mbili asubuhi.”

Nikasoma. Elfu hamsini zilikuwa zimeingia kutoka kwa mwanaume nisiyemjua. Laini ya shoga yangu, kumbe, imesajiliwa kwa kidole cha mjomba wake, na meseji ya pesa humtaja mwenye kidole. Asubuhi ile mimi nilidhani ni mtu amekosea namba. Nikanyamaza, nikanunua luku ya elfu ishirini.

Tunacheza upatu, na kijumbe ni mimi. Tuko kumi, kila mmoja elfu hamsini kwa mwezi, na kila mwezi mmoja anaondoka na laki tano. Ukiutazama juujuu, ni pesa yako inakurudia. Lakini piga hesabu: wa kwanza ametoa elfu hamsini tu, kwa hiyo amekopeshwa laki nne na nusu na wenzake tisa, bila riba, bila karatasi. Wa kumi amekopesha tangu mwanzo hadi mwisho. Wa tano na wa sita ni nusu mdai, nusu mdaiwa. Hakuna aliyeweka rehani hati ya nyumba. Rehani ni aibu. Benki nzima, imefungwa kwenye pindo la kanga! Huwa inanisisimua hadi leo.

Ila wa kumi ni nani? Mwaka wa tatu huu, mimi. Vijumbe wengine huanza wao, mimi naambiwa, “Wewe una moyo, shoga, subiri.” Mwenye mdomo anapokea mwezi wa kwanza, mwenye machozi wa pili. Laki tano ya mwezi wa kumi hainunui mabati yale yale. Asiyeleta, naziba pengo lake kimyakimya. Miaka mitatu nimemeza, na siku ya kutapika nikamtapikia anayelipa mapema kuliko wote.

(Mwaka jana nilimnunia mwingine wiki mbili kwa kutojibu salamu. Salamu yenyewe nilikuwa nimemtumia fundi bomba.)

Nikaomba radhi palepale. Akanisogezea sinia, na upole wake ukaniuma kuliko tusi. Kisha nikadai mzunguko mpya tuchote vikaratasi, haki sawa kwa wote. Nikakunjua changu: kumi.

Habari ya luku sijamwambia mtu.