Msaidizi wa Sebuleni

Jirani yangu wa Waberi, Garissa, anachagua skrini ya sebuleni inayojibu ukiisemesha. Echo Show ya Amazon ina kamera. Nest Hub ya kawaida ya Google haina, basi kwa stara ya wageni wa kike ndiyo inayoongoza. Kisomali hazijui zote mbili, Kiswahili vilevile, na betri hazina: umeme ukienda, msaidizi naye kaenda. Kazi yake? Kutaja hali ya hewa, kana kwamba Garissa kuna siri. Kukumbusha swala? Muadhini hufanya hivyo mara tano kwa siku, bila Wi-Fi. Haya, jirani, nunua. Ila kwanza mtafutie ayeyo, yaani bibi yako, mwalimu wa Kiingereza, maana bibi ndiye atakayeshinda na hiyo skrini.