Ua Bora ni la Ubaoni

Wanaonung'unika kwamba mtoto wa Mkonze, Dodoma, hujifunza kuchora ua kwa kunakili waridi la ubaoni, ilhali nje ya dirisha alizeti imechanua, hawajafikiri vya kutosha. Alizeti haina adabu. Ukiisogelea na penseli ya HB unagundua si ua moja, bali mamia ya vijiua vilivyobanana kwenye kichwa kimoja, na penseli ya njano inakwisha hujafika katikati. Ua la mbuyu ndilo balaa zaidi: linafunguka magharibi, linahudumiwa na popo, kesho yake liko chini. Mwalimu gani atasahihisha kazi za usiku? La ubaoni lina petali tano leo na tano mwakani, hata Dodoma ikikaa Juni hadi Oktoba pasipo mvua. Atauliza mtu: na jicho la mtoto litajifunza nini? Litajifunza ubao, ambao ndio utakaokuja kwenye mtihani. Popo hajawahi kutunga swali. Isitoshe, tukiwaruhusu watazame maua, kesho watataka kumtazama mbuzi kabla ya kumchora, na mwenye mbuzi atatuuliza tunatafuta nini zizini kwake.