Asali iliyofungwa bila kesi

Anayeamini kwamba binadamu huogopa rangi nyekundu hajawahi kuingia stoo yetu. Mimi ni msimamizi wa ubora katika kiwanda kidogo cha kufungasha asali mjini Tabora, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kubandika kadi. Asali ikipimwa ikakutwa na maji yasiyozidi asilimia 20, ndoo yake hupata kadi ya kijani na kwenda kuchujwa. Yakizidi, hupata nyekundu na kupelekwa chumba cha nyuma, kwa sababu asali ya majimaji huchacha, nayo chupa iliyochacha hufoka kabatini mwa mteja. Kwenye karatasi utaratibu huu ni safi kabisa.

Adui wa kwanza alikuwa gundi. Ndoo ya asali haikosi kutapakaa asali kwa nje, na hapo hakuna gundi inayoshika. Kadi zikawa zinadondoka usiku. Asubuhi mama anayetufanyia usafi, mtu wa huruma kupita kiasi, aliziokota na kuzibandika kwenye ndoo zilizokuwa karibu, bila upendeleo. Asali safi ya Sikonge ikaenda jela, iliyochacha ikapanga foleni kwenye mashine. Tulipima ndoo zote upya, nyuki wakitusimamia.

Tukahamia kwenye kamba za katani. Hizo zilishika, hadi dereva alipogundua kwamba zinafaa zaidi kufungia kuku. Jogoo mmoja alishushwa Urambo akiwa na kadi nyekundu mguuni: HAIKIDHI KIWANGO. Wenyeji walimla vilevile.

Kisha kadi nyekundu zikaisha. Mtunza stoo, bingwa wa kubana matumizi, akaanza kuandika MBAYA juu ya kadi za kijani. Nikimgombeza, ananijibu kwa upole: "Bosi, wewe soma, usitazame rangi."

Mzigo usiokubalika haukuanza na sisi katika mji huu wa njia ya zamani ya misafara. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kaze, ndiyo Tabora hii, mwaka 1857, aliandika juu ya shanga za mamia ya aina, na kila nchi ilikuwa na shanga yake. Ukifika mbele na rangi isiyotakiwa, hupati hata kibaba cha mtama, na mpagazi wa Kinyamwezi amekwisha kuibeba begani miezi na miezi.

Ila mimi anayenichekesha zaidi ni Sherif, aliyekabidhiwa bidhaa za msafiri Livingstone kule Ujiji. Mzee alipokawia Manyema, Sherif alipiga ramli kwa msahafu, akaoneshwa kwamba mzungu amekufa, akauza kila kitu. Oktoba 1871 marehemu akatokea, hai na hana kitu. Dhuluma tupu, lakini Sherif angalau aliamua. Chumba chetu cha nyuma hakikuwa hata na mpiga ramli.

Kadi za humo zilisema pia SUBIRI UAMUZI. Meneja alikuwa akimsubiri mhasibu, mhasibu akanisubiri mimi, na mwongozo wangu ulisema mwenye kuamua ni meneja. Ndoo zikakaa hadi wafanyakazi wakazizoea, wakawa wanazitumia kama meza ya chai. Mkaguzi kutoka nje alisifu usafi wa vikombe.

Aliyetuzindua ni mrina asali mmoja mzee. Alisimama mlangoni, akasalimia, "Mwangaluka," kisha akasema: "Mwanangu, asali yangu mmeifunga bila kesi. Nipeni dhamana au nipeni hukumu."

"Shikamoo, babu. Ina maji asilimia 23."

Hakubisha. Alikiri kwamba mvua ilimtisha, akarina kabla nyuki hawajaziba masega kwa nta. "Basi hiyo si ya chupa," akasema, "hiyo ni ya wanzuki. Nirudishieni, kuna watu wana kiu." Meneja alisaini palepale, na nahisi alitamani kuuliza pombe hiyo inapikwa nyumba gani.

Siku hizi kadi zetu zina mistari mitatu: kasoro gani, ataamua nani, mwisho lini. Nawe msomaji mwenye stoo, iwe ya tumbaku, ya saruji au ya dawa, chapisha kama hizo, na uzifunge kwa waya. Madereva wote wana kuku.