Jinsi ya Kupanga Ramani ya Rubani Bila Kuchungulia Dirishani

Kabla hujajifunza kurusha ndege, jifunze kubishana. Marubani hawakosi mambo ya kubishania, lakini hakuna linalowapandisha mori kama hili: kwenye ramani ya kioo cha tableti, juu pawe kaskazini, au pawe kule ndege inakoelekea? Usithubutu kusema "inategemea". Mtu wa "inategemea" hana heshima ndani ya ndege, na kwenye meza ya chai pale uwanja wa ndege wa Wilson hasogezewi kiti.

Chagua dhehebu. Ukiwa wa Kaskazini Juu, msimamo wako ni kwamba ndivyo ramani zilivyo, ndivyo mwalimu wa jiografia alivyofundisha, na majina ya viwanja yanasomeka bila mtu kupinda shingo. Ukiwa wa Pua Juu, wewe huna maneno mengi: kilicho kulia kwangu kiwe kulia kwenye kioo, basi. Hoja zote mbili zina akili, na hapo ndipo raha ilipo, maana ubishi huu hauishi.

Usianze na safari ya Dar kwenda Unguja. Unguja iko karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo ramani ya dhehebu hili na ya dhehebu lile zinafanana kama pacha, na mtafika mkiwa marafiki. Panga Mtwara. Ndege ikishaelekea kusini, kapteni wa Pua Juu atauliza, "Kijana, Mafia iko upande gani?" Rubani msaidizi, macho kwenye tableti yake ya Kaskazini Juu, atajibu haraka, "Kulia, kapteni." Kapteni atageukia dirisha lake la kushoto, ambako Mafia imejilaza mchana kweupe na matumbawe yake yote, kisha atauliza tena kwa upole wa baba mkwe, "Kulia kwa nani?" Kulia, chini ya dirisha la kijana mwenyewe, ni mto Rufiji unaojigawa matawi kuingia baharini, mikoko mpaka macho yanapoishia. "Kulia kwa ramani, kapteni."

Jibu hilo ni sahihi, na usiliombee radhi.

Wa Pua Juu naye ana aibu yake. Akifungua ramani iliyochapwa kisha ikaingizwa kwenye tableti kama picha, maandishi yote yanageuka na ndege. Kurudi kutoka Unguja anasoma majina ya vijiji miguu juu. Akichekwa, amtaje al-Idrisi. Mtu huyo alimchorea mfalme Roger wa Pili wa Sicily ramani ya dunia, ikakamilika mwaka 1154, na juu yake aliweka kusini. Kapteni anayekwenda Mtwara ana mwanazuoni wa karne ya 12 nyuma yake. Kaskazini Juu watajibu kwamba al-Idrisi hakuwahi kuongozwa na mnara wa Dar, ambao ukikwambia kuna ndege kaskazini yako hautajali kioo chako kimegeukia wapi. Endeleeni hivyo mpaka Lindi.

Sasa hali ya hewa. Marekani ndiko rubani wa ndege ndogo alikodekezwa kuliko kwingine. Mtandao wa rada za ardhini zipatazo 160, uitwao NEXRAD, unatazama mvua. Picha zake zinashonwa kuwa moja na kurushwa mpaka kwenye tableti iliyo angani, bure kupitia vituo vya ardhini vya ADS-B au kwa malipo kupitia setilaiti. Kijani, njano, nyekundu. Pembeni pameandikwa umri wa picha, tuseme dakika moja. Wewe hapo soma "sasa hivi". Juni 2012 NTSB, bodi inayochunguza ajali za usafiri huko, ilitoa tahadhari kwamba ikifikia pabaya kabisa, picha huweza kuwa na umri unaozidi ule ulioandikwa kwa dakika 15 hadi 20. Saa ya umri huo huanza kuhesabu picha iliposhonwa, haihesabu tangu rada ilipoiona mvua yenyewe. Lakini tahadhari ni karatasi, na wewe una kioo chenye rangi.

Hesabu yake ni ya darasa la tano. Wingu la radi linalosafiri kilomita 60 kwa saa, likipewa dakika 20, limesogea kilomita 20. Maana yake ule uchochoro mzuri kati ya madoa mawili mekundu, uliouchagua kwa ustadi na kumwonyesha mwenzako kwa kidole, huenda ndipo radi ilipohamia. Mamlaka ya anga ya huko, FAA, inashauri rubani alipite wingu la radi kali kwa umbali usiopungua maili 20, kama kilomita 32. Ushauri huo umeandikwa kwa wino mweusi tu. Nani atausoma?

Huku kwetu hakuna wa kukurushia mvua bure angani, ila usivunjike moyo: picha iliyochakaa kuliko hiyo unaweza kuipata kwa juhudi zako mwenyewe. Kabla ya kuwasha injini Bukoba, tafuta Wi-Fi upakue picha ya Meteosat, setilaiti inayokaa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, upande wa Ghuba ya Guinea. Ruka. Mtandao utakatika, na picha itabaki vilevile, tulivu, ukilivuka Ziwa Victoria kwenda Mwanza alfajiri, saa zilezile ambazo ziwa hupenda kuwa na radi. Kumbuka pia kwamba setilaiti inapiga picha ya vichwa vya mawingu. Kinachonyesha chini yake haikioni vizuri. Abiria aliyepewa kiti cha mbele hatagundua. Atakiomba kioo chako akipige picha.

Wenye bahati wana rada ndani ya ndege. Kwenye ndege aina ya Caravan utaiona imevimba kwenye bawa la kulia, na hiyo kweli inaonyesha mvua ya sasa, ndiyo maana inahitaji mtu wa kuiharibu kwa mkono. Kuna kitufe cha kuinua na kuinamisha mnururisho wake. Inamisha mno, na vilima vya watu vitawaka kama dhoruba. Inua mno, na mnururisho utapita juu ya kiini cha mvua, nawe utaambiwa njia ni nyeupe. Jambo bora zaidi ni doa jeusi nyuma ya wekundu. Mwanafunzi wetu alione kuwa ni mlango.

Hapa nitaweka mzaha pembeni kidogo. Aprili 4, 1977, ndege aina ya DC-9 ya Southern Airways, safari namba 242, ilikuwa ikitoka Huntsville kwenda Atlanta. Rada yake ilionyesha tundu katikati ya dhoruba. Halikuwa tundu. Mvua ya mbele ilikuwa nzito kiasi cha kumeza mawimbi ya rada, na hayakurudi na habari za kilichokuwa nyuma yake. Maji na mvua ya mawe vilizima injini zote mbili, wakajaribu kutua barabarani New Hope, Georgia. Walikufa watu 72, tisa kati yao wakiwa chini, hawakupanda ndege yoyote siku hiyo. Wachunguzi walitaja, miongoni mwa yaliyochangia, kapteni kuitegemea rada hiyo kupenya kwenye dhoruba. Weusi kwenye kioo ulimaanisha "sijui", na ukasomwa "hakuna".

Turudi kwenye mafunzo. Washa kila tabaka. Viwanja, anga zilizozuiwa, upepo, radi, ndege za jirani, milima, na kwa programu za Kimarekani hata bei ya mafuta kila uwanja. Mlima ulio juu yako au chini yako kidogo tu utapakwa wekundu. Mvua kali nayo nyekundu. Na ukiwa na bahati anga iliyozuiwa itachorwa mstari wa rangi hiyohiyo. Kioo kikishafanana na kanga mbili zilizokunjwa pamoja, umefaulu. Wapo wazee wanaozima vyote wakabaki na mstari wa njia, uwanja wa mbele na mvua. Ukiwauliza sababu watakwambia wanapenda kuona ndege iko wapi. Ni watu wa kuhurumiwa.

Mstari wenyewe nao una wafuasi. Boeing wameupaka majenta, Airbus kijani, na rubani akihama kampuni hulalamikia rangi miezi kadhaa kabla hajalalamikia mshahara. Mwaka 1997 mkufunzi wa American Airlines, Warren Vanderburgh, alitoa mhadhara kuhusu marubani waliolelewa na mstari wa majenta, wanaoufuata popote uendapo na, mambo yakiharibika, wanainama kuandika kwenye kompyuta badala ya kushika usukani. Mhadhara huo bado unatazamwa. Wengi huutazama kwenye tableti, wakisubiri ndege ijazwe mafuta.

Tableti yenyewe ibandike kwenye kioo cha mbele, jua liipate vizuri. Apple wanasema iPad itumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35, na Apple hawajawahi kukaa ndani ya Caravan iliyoegeshwa Mombasa saa nane mchana wakisubiri watalii wamalize kupiga picha. Muda si mrefu kioo chake kitakuwa cheusi, chenye alama ya kipimajoto katikati. Hapo madhehebu yote mawili yanakuwa sawa. Mwenye akiba hutoa ramani ya karatasi na kuigeuza atakavyo. Usiwe na akiba. Inaharibu mashaka ya safari.

Ukishatua salama, kazi moja imebaki, na usiiruke. Ndege si yako peke yako; kesho asubuhi ataichukua mwenzako. Kama ni mtu wa Pua Juu, mwachie kaskazini juu. Punguza mwanga wa kioo mpaka wa usiku. Sogeza ramani mpaka ionekane kuanzia Cape Town hadi Cairo, zima tabaka la mvua, na upepo uweke kwa kipimo asichokizoea. Kisha kwenye daftari la ndege, mahali pa kuandika hitilafu, andika kwa mwandiko mzuri: "Hakuna."