Masikio ya DJ

Hongera, DJ wa vigodoro vya Uswahilini! Spika umezifunika turubai zisinyeshewe; masikio umemwachia Mungu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza muziki wa kumbini usizidi wastani wa desibeli 100. Kwako hapo ndipo pa kujaribia mitambo. Wataalamu wa usalama kazini wanasema kelele ya kiasi hicho sikio liivumilie dakika 15 tu kwa siku. Wewe unakesha nayo hadi adhana ya alfajiri. Vizibo vya masikio eti vinaua ladha. Haya. Chembe za kusikia zikishakufa hazioti tena, lakini usijali: siku tajiri akitaja laki tatu, wewe utasikia laki moja, na utamshukuru.