Ghorofa Mmezihesabu, Watu Je?

Nkt! Niacheni nisonye kwanza ndipo niseme. Hapa stejini Masara, karibu na mpaka wa Tanzania, kwenye kivuli cha watu wa boda, tangu asubuhi hoja ni moja: nyumba za Nairobi. Kijana mmoja ametuzungushia simu yake, ndani mna picha ya maghorofa yatakayojengwa Eastlands. Kuta nyeupe, miti ya kuchorwa kwa kompyuta, watoto juu ya baiskeli. Wenzangu wamesifu. Mimi nikasonya. Ghorofa siichukii. Nilichokikosa kwenye picha ile ni mtu hata mmoja ninayemjua.

Mtauliza, Masara na Nairobi wapi na wapi? Omera, kijana wa huku zamani akitoka kutafuta kazi hakuwa anakwenda Nairobi tu hivi hivi. Alikwenda Kaloleni. Alikwenda Makongeni, Muthurwa, Ofafa Jericho, kwa mtu wa kwao aliyetangulia. Hata hilo jina Ofafa ni la mtu wetu, Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1953. Na leo kila mwalimu wa hapa anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa tozo ya nyumba, mwajiri naye anaongeza kiasi hicho hicho. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu iliyotiwa saini Machi 2024 haikuishia kwa wenye mishahara, imemfikia na huyu wa boda aliyekaa kwenye pikipiki yake akinisikiliza. Sote tunachangia matofali. Basi tuna haki ya kuuliza nani ataingia mlangoni.

Nitawaeleza habari ya daftari moja.

Baba yangu mdogo alikuwa mtu wa reli, akaishi Makongeni, kwenye nyumba za reli, mpaka mvi zikamjaa kichwani. Alipofariki, basi la kutoka Nairobi liliingia hapa Masara kabla jua halijachomoza. Nilidhani watashuka jamaa zetu peke yao. Wakashuka Wakamba, Waluhya, Wakikuyu, vijana kwa wazee, macho mekundu kwa kukesha njiani. Mama mmoja alikuja moja kwa moja kwa mama mdogo, akampa kwa mikono miwili daftari la shule lililokunjwa katikati. Nililifungua baadaye. Majina yalikuwa machache, nyingi zilikuwa namba za nyumba. Nyumba fulani, shilingi 200. Inayofuata, shilingi 50. Inayofuata, sufuria mbili na kuni. Inayofuata, "atalala na watoto." Kurasa kwa kurasa, mlango baada ya mlango, mpaka gharama ya mochari, jeneza na basi ikatimia. Mama mdogo analo daftari hilo sandukuni hadi leo, pamoja na kitambulisho cha marehemu.

Mwishoni mwa mwaka 2025 wakazi wa Makongeni walilipwa shilingi 150,000 kwa kila nyumba ili wapishe ujenzi, na wengi wakaanza kubomoa kwa mikono yao wenyewe, waokoe mabati na madirisha kabla ya tingatinga. Shilingi 150,000 ni pesa, sisemi si pesa. Italipa dipoziti ya chumba kingine, italipa lori la kuhamisha kitanda na kabati, itabakisha ya kodi ya miezi kadhaa. Lakini huyu anahamia Kayole, yule Dandora, mwingine anarudi mashambani. Akifa mmoja wao, daftari litaanzia mlango upi?

Hapo mzee mmoja, jaduong' wetu, akanikatiza, na alikuwa na haki. Akasema nyumba zile zimechakaa, aliishi humo, anajua. Mabomba ya maji taka yanapasuka njiani, nyuma ya kila nyumba pameota vibanda vya mabati, bomba moja linangojewa na foleni ya ndoo. Ni kweli kabisa. Mitaa ile ilijengwa kwa ajili ya watu wachache, ikabeba wengi, na halmashauri zilizokuja moja baada ya nyingine zikakusanya kodi bila kutengeneza. Tena ardhi yenyewe iko karibu na katikati ya mji, na mji unahitaji nyumba. Hakuna budi kujenga kwenda juu. Sibishani na hilo hata kidogo.

Lakini kabla hujabomoa Kaloleni, ebu itazame. Waingereza waliijenga miaka ya 1940, na mateka wa vita wa Kiitaliano walikuwa miongoni mwa waliotumikishwa. Nyumba za chini za mawe zimezunguka viwanja vya nyasi, na vijia vya miguu vinaelekea katikati, kwenye ukumbi, maktaba na kliniki. Mkoloni alijenga kwa hesabu zake, alitaka mfanyakazi aamke karibu na kazi, sina shukrani ya kumpa. Ila mpangilio ulifaa watu. Mama akisimama mlangoni anamwona mtoto wake uwanjani, na jirani wa mbele anamwona pia. Mgonjwa anafika kliniki kwa miguu. Ukumbi ule ulisikia siasa za kudai uhuru, na jirani yake ni uwanja wa mpira wa City, ule uliopewa jina la Joe Kadenge mwaka 2019, ambako Gor Mahia imetutoa jasho miaka yote. Sasa mtaalamu akija na michoro ya mtaa endelevu uliounganika, ningemwomba aanzie Kaloleni na kamba yake ya kupimia. Apime ni hatua ngapi kutoka mlangoni hadi kwenye nyasi. Apime ni milango mingapi inatazama uwanja mmoja. Vipimo hivyo avipandishe ghorofani. Mvua ya Nairobi inapofurika barabarani, ile nyasi ndiyo inayokunywa maji. Ukiimwagia zege yote ili magari yaegeshwe, maji yatakwenda kulala kwenye nyumba ya nani?

Na msiniambie kwamba mwenyeji kurudi haiwezekani. Tuko karibu na mpaka hapa, ya Tanzania tunayasikia. Magomeni Kota, Dar es Salaam, kaya 644 ziliondolewa, nyumba zikavunjwa, kiwanja kikakaa kitupu kwa miaka. Mwaka 2016 Rais Magufuli akaagiza pajengwe na wale wale waliotolewa wapewe nafasi ya kurudi. Machi 2022 Rais Samia akazindua maghorofa. Safari ilikuwa ndefu mno, kwa mzee wa miaka 70 huo ni umri wote uliobaki. Lakini wenye kaya hizo 644 walikuwa wanajulikana ni akina nani. Kulikuwa na orodha. Na hapo Pangani, Nairobi, familia zilikuwa 48 tu kwenye ardhi iliyopangiwa nyumba zaidi ya elfu moja, nazo zikaahidiwa nafasi humo. Hata Muthurwa, wapangaji walipopewa notisi mwaka 2010, walikwenda mahakamani, kesi ikabeba jina la Satrose Ayuma, na Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba haki yao ya makazi, iliyomo kwenye Ibara ya 43 ya Katiba, ilikuwa imekiukwa. Mpangaji si kunguni wa kunyunyiziwa dawa ahame. Katiba inamjua.

Ninachotaka mimi ni kidogo. Kabla tingatinga halijawashwa, orodha ya wakazi ibandikwe ukutani mwa ukumbi, jina, namba ya nyumba na namba ya nyumba mpya atakayopewa, kwa kodi au bei anayoweza kuilipa mtu wa kipato chake. Ghorofa la kwanza lijengwe mahali patupu, watu wahame mara moja tu, wavuke kijia na magodoro yao, si kutawanywa mjini wakingoja simu. Anayeuza mboga na anayeshona viatu watengewe nafasi chini ya jengo, maana hao ndio macho ya mtaa. Na mlango wa huyu usipelekwe mbali na wa yule waliyezikana naye miaka 30. Hilo la mwisho ndilo wachoraji hawaliulizi, nami ndilo linaloniuma.

Tena msidhani ya Nairobi hayatufiki. Tangu barabara ya Kehancha–Suna–Masara iwekwe lami, hapa kwetu ploti zinauzwa kila wiki, na wachimba dhahabu wanataka vyumba. Tembeeni nyuma ya maduka haya mwone. Safu ya vyumba imegusana na safu nyingine, choo kimepakana na dirisha la mwenzake, kijia tulichopitia kwenda kisimani kimezibwa na ukuta. Hakuna aliyeacha hata kiwanja cha mtoto kupigia mpira wa makaratasi. Mkutano wa wadi ukiitishwa, twendeni tuseme vijia viachwe sasa, wakati bado vinaweza kuachwa bila kumvunjia mtu nyumba.

Na wewe mwenye ndugu Kaloleni, Ziwani, Bahati au Maringo, usilale kabla hujampigia simu. Muulize kama jina lake limeandikwa, limeandikwa wapi, na karatasi hiyo ametia sahihi nani.