Sifa za Msomaji Asiyelala

Waandishi hatuishi kulalamika kwamba watu hawasomi. Tumefanya makongamano, tumegawa vitabu shuleni, tumezilaumu simu. Kumbe msomaji hodari yupo, kakaa juu ya mlingoti kando ya barabara, jua lake, mvua yake, wala hakuna aliyewahi kumpa tuzo. Naizungumzia kamera inayosoma namba za magari.

Nasaba yake ni ya heshima. Ilibuniwa Uingereza mwaka 1976 na wanasayansi wa polisi, na kufikia 1981 ilikuwa imeshasaidia kumtia mbaroni mtu aliyekuwa na gari la wizi. Haisomi riwaya wala magazeti. Inasoma herufi na tarakimu saba za kibao, kisha za gari linalofuata, kisha za linalofuata. Giza likiingia inatumia mwanga ambao macho yetu hayauoni. Polisi wa huko hukusanya makumi ya mamilioni ya namba kwa siku moja na kuzihifadhi kwa mwaka mzima, zikiwemo za watu ambao hawajawahi kuiba hata sindano. Mkeo anaweza kusahau ulikuwa wapi Alhamisi ile, kamera haisahau.

Na uadilifu je? Sisi tuliozoea kupigwa tochi, tukashuka garini na kuanza na "Afande, tuelewane", tunajua jinsi hela ya soda inavyoilainisha sheria. Kamera haina mfuko. Haina mtoto anayedaiwa ada, na shikamoo yako haiitikii. Barua ya faini inakufuata nyumbani na picha yake, nawe hujui umlilie nani.

Wako wanaosema haina akili. Ni wivu tu. Mwaka 2021, katika mji wa Bath, mwanamke alipita kwa miguu kwenye njia ya mabasi akiwa amevaa fulana iliyoandikwa, kwa Kiingereza, "mfumaji". Mkanda wa mkoba ukaziba sehemu ya neno. Kamera ikasoma hivyo hivyo, na siku hizi ni nani mwingine anayesoma hadi fulana za wapita njia? Ikaona herufi zile zinafanana na namba ya gari la mume na mke wanaoishi Surrey, mbali kabisa na Bath, nao wakaletewa faini ya pauni 90. Wakapiga simu halmashauri, binadamu akaitazama picha, akaona kwamba mwanamke si gari. Faini ikafutwa. Yote hayo kwa sababu mtu mmoja alitaka kuelewa alichokisoma, udhaifu ambao kamera haina.

Isitoshe, ina mapenzi makubwa kwa wanyonge. Mwaka 2010 mitaa ya Sparkbrook na Washwood Heath, Birmingham, wanakoishi Waislamu wengi, iliwekewa kamera zaidi ya 200, baadhi zikiwa zimefichwa. Wakazi waliambiwa ni za kupambana na uhalifu wa kawaida. Baadaye ikajulikana kwamba fedha zilitoka kwenye fungu la kupambana na ugaidi. Kila aliyekwenda kazini, sokoni au msikitini kwa gari angesomwa akitoka na kusomwa akirudi. Hapa sifa zinaanza kunikwama kooni. Wenyeji walikasirika, kamera zikavishwa mifuko ya plastiki, mkuu wa polisi akaomba radhi hadharani, na mwaka uliofuata zikang'olewa. Msomaji wetu hakuulizwa maoni yake. Angesoma popote ambapo angeelekezwa.

Tuhamie London basi, kwenye fahari yake. Tangu Februari 2003 kamera hizi ndizo zinazoyatambua magari yanayoingia katikati ya jiji ili yalipiwe tozo ya msongamano. Haziangalii cheo. Gari la ubalozi wa Marekani zinalisoma sawasawa na la fundi bomba. Fundi asipolipa, anapigwa faini, na akiendelea kukaidi anatumiwa wakusanya madeni. Ubalozi unasema kwamba tozo hiyo ni kodi, na kwamba wanadiplomasia hawatozwi kodi. Kufikia mwaka 2024 mamlaka ya usafiri ya London ilikuwa inaudai zaidi ya pauni milioni 14. Kwa hilo tusiilaumu kamera. Yenyewe ilisoma.